Mdoli kwenye Kamba ya Nguo

Ulipofunga gazeti wiki iliyopita, msomaji, Bibi alikuwa amesimama wima katika safu ya tatu ya ukumbi wa sinema, na watu mia mbili walikuwa wamemgeukia. Kwenye skrini, bibi mwingine, wa kuigiza, alikuwa amelala fofofo kitini huku mtoto akizama kwenye tangi la maji. Bibi wa kweli alitamka neno moja tu.

"Zimeni."

Wakazima.

Taa zikawaka. Safu ya mbele kabisa, ndani ya gauni jipya lililombana makwapa, Chiriku akainamisha kichwa. Filamu ilikuwa yake. Ameitunga yeye, ameiongoza yeye. Na aliyemwalika Bibi alikuwa yeye, tena kwa uongo. Alimwambia, "Njoo, Bibi, nimetengeneza filamu ya kumkumbuka Baba."

Kwa wewe uliyekosa mwanzo, nitakupa kisa kwa pumzi moja. Miaka thelathini na sita iliyopita, dada yake Chiriku, binti wa miaka saba, alikufa maji uani kwa Bibi. Bibi alikuwa dobi, na tangi lake kubwa la saruji lilichimbwa chini ya ardhi. Chiriku alikuwa na miaka minne. Bibi alisimama mbele ya watu wote akasema, "Nililala. Nikaacha mfuniko wazi." Mama hakumsamehe. Alimwambia mumewe achague, mkewe au mama yake mzazi. Mume akakaa kimya. Mama akafunga virago, akambeba Chiriku mgongoni, akaondoka. Baba akabaki chumba cha nyuma kwa mama yake mpaka kifo kilipomfuata mwaka jana. Chiriku akalia wiki mbili, halafu akafanya kazi anayoijua: akatengeneza filamu, na ndani ya filamu hiyo akamtafuta mwenye makosa.

Sasa mwenye makosa alikuwa amesimama safu ya tatu.

Msambazaji wa filamu, bwana mmoja wa tai nyekundu aliyeshinda akichekacheka na waandishi wa habari, alimkimbilia.

"Bibi yetu, kuna tatizo gani?"

"Miguu imekufa ganzi," Bibi akasema. "Nataka kutoka nje."

Basi, ndiyo hivyo tu. Watu waliokuwa wakisubiri laana wakapewa ganzi. Kule nyuma mtu akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Kicheko kile kilimchoma Chiriku kuliko laana yoyote. Alinyanyuka, akamshika Bibi mkono, wakatoka wakiwa wameongozana kama bibi na mjukuu wanaopendana. Kamera tatu ziliwapiga picha.

Nje, kwenye korido ya ukumbi, Mama alikuwa ameshatangulia.

Mama na Bibi walikuwa hawajaongea kwa miaka thelathini na sita. Hata kwenye mazishi ya Baba kila mmoja alikaa upande wake. Wakilazimika kusema kitu, walimpitishia mtu wa tatu, na mtu wa tatu siku zote alikuwa Chiriku.

"Mwulize huyo mzee," Mama akasema, "ameona?"

"Mama, jamani, si hapa."

"Mwulize."

Bibi alikuwa hatua mbili tu. Hakungoja kuulizwa. "Mwambie nimeona."

"Mwambie sasa kila mtu atajua."

"Mwambie sawa."

Chiriku alisimama katikati yao kama kuta mbili zimembana. Msimamizi wa mlango alijifanya anahesabu vishina vya tiketi. Alikuwa akisikia kila neno.

Hapo Bibi akamvuta mjukuu wake kwenye kona, karibu na bango la filamu. Chiriku alijikaza. Alijua zamu yake ya kutukanwa imefika, na moyoni aliitaka.

"Umenipatia," Bibi akasema.

"Nini?"

"Yule mwigizaji. Hata anavyokuna goti, ni mimi mtupu. Kazi nzuri. Usibadilishe chochote kwangu."

"Bibi..."

"Ila mdoli. Mtoe mdoli."

"Mdoli gani?"

"Yule uliyemtundika kwenye kamba ya nguo, pale filamu inapoanza. Mkate tu. Hapendezi."

Alisema hivyo kama mtu anayeomba chumvi ipunguzwe. Lakini mkono wake, mkono ulioshika pasi ya mkaa maisha yake yote, ulikuwa umekibana kiwiko cha Chiriku kama kibanio cha nguo. Na Mama, ambaye alikuwa amesogea karibu ili asikie, alipolisikia neno "mdoli" aliwapa mgongo, akaondoka bila kuaga.

Bibi mtu mzima anaanikwa mbele ya watu mia mbili kuwa aliua mjukuu wake, na anachokilalamikia ni mdoli! Wewe msomaji ungelala usingizi? Chiriku hakulala.

* * *

Saa mbili asubuhi alikuwa kwenye chumba cha kuhariria. Ni chumba kisicho na dirisha, chenye kiti kimoja kizuri na kingine cha plastiki. Kizuri hukaliwa na Mkasi, mhariri wake kwa miaka kumi sasa, ambaye jina lake la kuzaliwa hata karani wa mishahara amelisahau.

"Niwekee ile ya kamba ya nguo," Chiriku akasema.

Mkasi akaiweka. Ua mtupu. Kamba ya nguo. Mdoli wa kitambaa amebanwa na vibanio viwili masikioni, anachuruzika maji. Tone. Tone. Basi, sekunde tisa.

"Mkate," Chiriku akasema.

"Huyu? Wewe uliyetutesa siku nzima kwa ajili yake? Ukamrudisha mshonaji mara mbili kwa sababu ya masikio? Ulituambia kila kitu kwenye filamu hii umehadithiwa, isipokuwa hicho. Hicho unakikumbuka kwa macho yako."

"Ndiyo. Nakikumbuka."

"Basi kwa nini nimkate?"

"Bibi hamtaki."

Mkasi aliurudisha mkanda nyuma, akautazama tena. Alikuwa mtu wa kuuliza maswali madogo madogo, ndiyo kazi yenyewe. Kikombe kilikuwa mkono wa kushoto, mbona sasa kiko wa kulia? Alikuwa na ulimi wa hivyo.

"Tangu mwanzo nilitaka kukuuliza," akasema. "Huyu mdoli alilowaje?"

"Alifuliwa."

"Na nani? Mtoto amekufa, nyumba imejaa vilio, nani akae kufua mdoli?"

Chiriku aliinamia skrini.

"Labda mvua," Mkasi akajisaidia mwenyewe. "Ila hapana. Mwenyewe uliandika ulikuwa msimu wa kiangazi. Sasa nauliza tu, aliingiaje majini?"

Tone. Tone.

Kuna vitu mtu anavijua na havijui. Vimekaa ndani kama sarafu iliyoangukia nyuma ya kabati, unasikia imelia, husogezi kabati. Chiriku alikuwa na ndoto moja tangu utotoni. Ndani yake dada yake yuko magotini, amelaza shavu kwenye saruji, mkono wote umezama. Anageuka na kusema, "Usimwambie Bibi." Siku zote aliiita ndoto. Hata kwenye filamu hakuitia, kwa sababu ni ndoto.

"Chiriku?" Mkasi akainuka. "Una nini? Nikuletee maji?"

"Nilimtupa mimi," Chiriku akasema.

"Nani?"

"Mdoli. Tulisogeza mfuniko sisi wenyewe, tulitaka kuona sura zetu. Nikamtupa nione kama ataogelea, nikazamisha mkono, sikumfikia. Dada akaniambia, usimwambie Bibi, nitamtoa."

Mkasi alikaa kwenye kiti cha plastiki.

"Bibi hakuwa amelala. Alikuwa ndani anapiga pasi. Nilikwenda kwake. Akaniuliza, dada yako yuko wapi? Nikamwambia..." Akaigeukia skrini. "Nikamwambia, anajificha. Akanipa mkate. Nikakaa chini ya meza nikala mkate wote."

Mtoto yule walimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Alizungumza na kuku, alizungumza na viatu. Siku moja tu maishani aliambiwa asiseme, na siku hiyo moja akatii.

"Ulikuwa na miaka minne," Mkasi akasema polepole.

"Sasa nina arobaini, Mkasi. Na jana nimemwanika ukumbini."

Akachukua funguo zake, akatoka mbio. Mdoli alibaki kwenye skrini, anachuruzika.

* * *

Kwa Bibi hapakuwa mbali. Chiriku aliingia uchochoro wa mafundi viatu, akakata kona ya duka la vioo, na alipofika akasimama kama aliyepigwa kofi.

Bibi alikuwa nje, na ndoo na brashi. Alikuwa anasugua ukuta wa nyumba yake. Kwa rangi nyeusi, kwa herufi za urefu wa mkono, mtu alikuwa ameandika MUUAJI.

Herufi tatu za kwanza zilishaanza kufifia.

Walijuaje kuwa ni yeye? Chiriku hakuwa na haja ya kuuliza. Kionjo cha filamu kilikuwa kimezunguka kwenye simu za watu wiki nzima, na kwenye kionjo kulikuwa na kibao cha dobi. Kibao cha Bibi kiliandikwa zamani na mtu asiyejua kupima nafasi, kikasomeka TUNAFUA NA KUPIGA PAS, herufi ya mwisho ikakosa pa kukaa. Chiriku alikinakili vilevile na kosa lake. Alijisifu nalo kwenye mahojiano. Alisema ndiyo uhalisia.

"Umekunywa chai?" Bibi akauliza bila kugeuka.

"Bibi, nipe hiyo brashi."

"Utachafua nguo."

"Nimekumbuka."

Brashi ikaendelea. Shwa, shwa.

"Umekumbuka nini?"

"Mdoli. Nilimtupa mimi. Hukulala, Bibi. Hukulala hata kidogo."

"Nililala."

"Ulikuwa unapiga pasi. Ulinipa mkate."

"Nilikuwa na usingizi mzito siku zile," Bibi akasema. "Kila mtu anajua. Nililala."

"Bibi!"

Hapo brashi ikasimama. Bibi alijishika kiuno, akageuka taratibu, na Chiriku akaiona sura ambayo hajawahi kuiona kwake. Ilikuwa na hofu. Bibi alikuwa bado anamwogopea yule mtoto wa miaka minne, asije akajua.

"Nilimtoa dada yako," akasema kwa sauti ya chini. "Na mkononi mwake alikuwa na mdoli. Hakumwachia. Nikafungua vidole, nikamtundika mdoli kwenye kamba. Sijui kwa nini. Nimefua tangu nina umri wa miaka kumi na mbili, mkono wangu ukishika kitu kibichi unakitundika. Halafu nikakuona wewe chini ya meza, mashavu yamejaa mkate. Unanitazama. Nikasema, huyu ataishije? Mimi nilishaishi. Nikawaambia nililala."

Chiriku alipiga magoti pale pale kwenye maji meusi ya ukuta. Hakuweza kumtazama usoni. Alitazama kandambili za Bibi, na vidole vilivyojikunja kwa uzee.

"Nimekuita muuaji mbele ya dunia nzima."

"Hukujua."

"Sikutaka kujua. Nilihadithiwa ubaya wako, ukanitosha. Sikuja hata siku moja kukuuliza, Bibi, ilikuwaje?"

"Ungeuliza ningekudanganya. Inuka. Watu wanapita."

Walikuwa wanapita kweli. Mwanamke mmoja mwenye kapu alipunguza mwendo ili asikose kitu. Chiriku hakuinuka. Alitoa simu, akampigia bwana wa tai nyekundu.

"Ijumaa filamu haiingii kwenye kumbi," akasema.

"Umelewa?"

"Nina akili zangu zote. Ni uongo. Nimemsingizia mtu."

"Bibie, sikiliza. Ni sinema! Nani amesema sinema iwe kweli? Mabango yameshabandikwa mji mzima."

"Yabanduliwe. Na kama kuna bango lingine unataka kubandika, bandika sura yangu."

Akakata. Bibi alikuwa anatikisa kichwa.

"Utaaibika, mjukuu wangu. Watakuuliza kwa nini. Utasema nini? Ukisema ukweli, mama yako ataujua. Na mama yako akiujua..."

"Nilikuwa naujua."

Wote wawili waligeuka.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua. Bado alikuwa na nguo za jana. Kwa miaka thelathini na sita hakuwahi kuikanyaga njia ile, na alikuwa ameshika nguzo ya lango kana kwamba ardhi ya pale haimkubali.

"Mwambie..." alianza, kwa mazoea, akimtazama Chiriku. Kisha akaacha. Akamtazama mkwewe, ana kwa ana. "Nilikuwa naujua, Mama."

Brashi ilianguka ndooni.

"Siku ile nilikuwa zamu," Mama akasema. Alikuwa opereta wa simu wakati ule, kazi yake kuwaunganisha watu. "Taa ikawaka kwenye ubao wangu, nikachomeka waya, mtu akasema, nitafutie mama fulani, mwanawe amekufa maji. Nikamwambia, ndiye mimi. Nikakimbia na vile vidude vya kusikilizia bado viko masikioni. Nilipoingia humu uani, tone la maji likaniangukia hapa." Akagusa utosi. "Nikainua macho. Mdoli. Bado anachuruzika. Mimi ndiye niliyemshona yule mdoli. Nilijua ni wa nani. Nikamtazama Chiriku, mkono wake mmoja umelowa mpaka begani."

"Ulijua," Bibi akasema. "Na bado ukanichukia."

"Ulitoka mbele ukasema ni wewe. Nilikuwa nimebakiwa na mtoto mmoja. Hasira nilikuwa nayo, ningeiweka wapi? Ningemwekea yeye? Ulijileta mwenyewe, nikakupokea. Nikakuweka wewe." Machozi hayakumtoka. Alikuwa amekauka kwa aibu. "Jana kwenye sinema ulipoomba mdoli atolewe, ndipo nilipojua kuwa mpaka leo bado unamfunika. Na mimi bado nakutumia salamu za matusi."

Chiriku alikuwa bado magotini katikati yao. Wanawake wawili, kila mmoja alimbeba kwa njia yake, na yeye hakuhisi hata siku moja kuwa amebebwa.

Mama akaja mpaka ukutani. Akakunja mikono ya blauzi, akaitoa brashi kwenye ndoo, akaanza kusugua herufi zilizobaki.

"Hayo nimeyasamehe zamani," Bibi akasema. "Mzigo nilijitwika mwenyewe, sikutumwa. Mimi lililonikaa hapa ni mwanangu. Alikufuata mara tatu. Mara tatu akarudi hapa akaniambia hukumfungulia mlango. Wewe ulikuwa unaujua ukweli, na ukamwacha nje?"

Mkono wa Mama ukapungua kasi.

"Mara ya kwanza sikufungua. Mara ya pili nilikaa nyuma ya mlango, nikamsikia anavyopumua, sikufungua." Akaichovya brashi ndooni. "Mara ya tatu nilifungua."

"Uongo. Aliniambia..."

"Aliingia. Akakaa mpaka jioni. Nilimweleza yote, Mama. Mdoli, mkono wa mtoto, kila kitu. Nikamwambia, twende tukamwambie mama yako asibebe peke yake. Akakataa. Akasema, akijua tunajua, atasema alichokifanya ni bure. Na Chiriku atakua akitazamwa na watu watatu wanaojua. Akasema, mwache."

"Alijua," Bibi akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Miaka thelathini na tano alikula mezani kwangu. Majirani wakinisema, alikuwa anasikia. Nikilia usiku, chumba chake kilikuwa ukuta kwa ukuta. Alijua, na akaniacha?"

Mama akainamia ndoo.

Bibi, msomaji, ambaye hukumsikia akipandisha sauti hata alipofedheheshwa ukumbini, alijifuta mikono kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja. Akawapita wote wawili bila kuwagusa. Akaingia ndani.

Mlango ukafungwa. Ufunguo ukazunguka mara mbili.

"Bibi!" Chiriku akaruka, akagonga. "Bibi, tafadhali!"

Mama alimsogeza pembeni kwa upole. Akaweka paji la uso kwenye ubao wa mlango, brashi bado mkononi, maji meusi yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Mama," akasema, "nifungulie."

Ndani, kandambili zilivutwa taratibu sakafuni, zikaja, zikasimama upande wa pili wa ubao. Mama aliisikia pumzi ya Bibi, karibu kabisa, inapanda na kushuka.

Kitasa hakikuguswa.